Neno ni Nini? Swali la Usaili na Deni Letu Watu wa Lugha

Miezi mitatu iliyopita mpwa wangu aliitwa kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu za kompyuta, katika kampuni moja ya Dar es Salaam inayopokea na kuchambua ujumbe wa simu kutoka kwa wakulima na wafugaji. Swali alilopewa lilionekana jepesi. Aliwekewa matini mbele yake, akatakiwa aandike programu itakayoyataja maneno kumi yanayojitokeza mara nyingi zaidi katika matini hiyo, kila neno pamoja na idadi yake. Alipewa nusu saa, akamaliza kwa dakika kumi na mbili. Wiki iliyofuata aliarifiwa kuwa hakuchaguliwa. Akaja kwangu Tanga na begi moja na kinyongo tele.

"Shikamoo Mjomba," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "wamenionea. Swali nimelijibu, programu imefanya kazi, na kazi wameninyima."

Nilimwomba anieleze alichofanya, kama mtu anayezungumza na mzee aliyeishi na chaki. Alieleza vizuri, nami naomba niwasimulie, wapenzi wa lugha, kwa sababu hoja yangu yote imekaa humo. Kwanza, programu inageuza herufi kubwa zote kuwa ndogo, ili "Mvua" na "mvua" zisihesabiwe mbalimbali. Pili, kila kisichokuwa herufi kati ya a na z, yaani nukta, mkato, tarakimu na nafasi, inakifanya mpaka, na chochote kilichobaki kati ya mipaka miwili inakiita neno. Tatu, inafungua kitu mfano wa daftari la mahudhurio: neno likionekana mara ya kwanza linaandikiwa mstari wake, na kila likionekana tena linatiwa alama. Mwisho, inaipanga mistari kuanzia yenye alama nyingi na kuisoma kumi ya juu. Ni hatua nne tu. Mwalimu yeyote angeweza kuifanya kazi hiyo kwa kalamu, mradi apewe muda.

Wasaili waliijaribu programu hiyo kwa matini ya Kiingereza, ikafaulu. Kisha wakaleta matini ya Kiswahili, ujumbe wa wafugaji. Juu ya orodha likaja "ya", likifuatwa na "wa" na "na", jambo ambalo halikumshangaza mtu. Lakini nafasi ya tano na ya sita zilishikwa na "ng" na "ombe", kwa idadi iliyo sawasawa. Msaili mmoja akamwuliza, "'Ombe' ni neno gani?" Mwingine akaifungua orodha nzima, akamwonyesha "nimelipwa", "sijalipwa", "watalipwa" na "tulilipwa", kila moja likiwa na alama moja, akamwuliza kama hilo ni neno moja lililotokea mara nne au ni maneno manne. Wa tatu akauliza lililo zito kuliko yote: "Katika programu yako, neno ni nini?" Mpwa wangu akajibu kuwa neno ni herufi za a hadi z zilizofuatana. "Nani kasema?" akaulizwa. Hapo alinyamaza.

Siku ile nilimtetea. Niliwaona wale wasaili kuwa ni watu wa kutafuta kasoro, waliompa kijana swali la hesabu kisha wakamgeuzia swali la sarufi. Usiku ndipo lile swali la mwisho liliponirudia mimi mwenyewe, na halikuniacha nilale. Kiswahili cha kidato cha tatu na cha nne nilimfundisha mimi. Nilisomea ualimu Chang'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikafundisha shule za sekondari kwa miaka 34, na katika miaka yote hiyo nimeandika ubaoni, sijui mara ngapi: "Insha isipungue maneno 300." Sikuwahi kujiuliza ninahesabu nini.

Nilikumbuka pia jambo ambalo nilitaraji nimekwisha kulisahau. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea insha safi, iliyokazwa kama ukili, nami nikamkata alama tano kwa sababu nilihesabu maneno 261. Alinifuata ofisini, kwa adabu, akaniuliza: "Mwalimu, 'sitawasahau' ni neno moja?" Nikamjibu ni moja. Akasema kuwa kwenye insha ya Kiingereza, wazo hilo hilo lilimpatia maneno matano. Nikamwambia kanuni ni kanuni, arudi darasani. Yule mtoto aliniuliza swali la wale wasaili zaidi ya miaka ishirini kabla yao, nami nikamfukuza.

Basi nasema wazi: wasaili hawakumwonea mpwa wangu. Walimwuliza swali letu, sisi walimu wa Kiswahili, washairi na wapenzi wa lugha, naye akakosa jibu kwa sababu sisi hatukumpa. Tunalo jibu, au tunayo sehemu kubwa ya jibu, lakini tumeliacha katika masikio yetu na katika mitihani, hatukuliandika kwa namna ambayo mtu mwingine, achilia mbali mashine, angeweza kulifuata.

Swali lenyewe lina historia. Mwaka 1986, katika jarida la Marekani la Communications of the ACM, Jon Bentley, aliyekuwa na safu yake humo, alimwomba Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, aandike programu ya swali hili hili: isome matini, itaje maneno yanayojitokeza zaidi. Knuth alijibu kwa programu ya kurasa kadhaa, iliyoandikwa kwa namna ya insha, ili isomwe na watu kama vile inavyosomwa na kompyuta. Doug McIlroy wa Bell Labs alipewa aihakiki. Aliusifu ufundi wake, kisha akaonyesha kuwa kazi hiyo inaweza kufanywa kwa amri sita fupi za mfumo wa Unix, zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Hadi leo waandishi wa programu huisimulia habari hiyo kama sisi tunavyosimulia majibizano ya washairi.

Kinachonihusu mimi ni amri ya kwanza kati ya zile sita. Inasema hivi: kila kisichokuwa herufi ya A hadi Z kigeuze kuwa mwanzo wa mstari mpya. Kwa Kiingereza hasara yake ni ndogo. Inakata baadhi ya vifupisho vyao, kama vile don't, ambayo inabaki "don" na "t". Kwetu sisi ng'ombe anakatwa vipande viwili kabla ya hesabu kuanza. "Ng'ang'ania" inakuwa "ng", "ang" na "ania". Hata Chang'ombe, mahali nilipofunzwa ualimu, panasambaratika. Katika Kiingereza ritifaa huonyesha kuwa kuna kitu kimeondolewa au kinamilikiwa. Katika Kiswahili ritifaa ya ng' haionyeshi pengo lolote: ni sehemu ya herufi, na herufi hiyo ni sauti moja. Mpwa wangu alikopa kanuni ya watu wengine bila kujua kuwa ameikopa, akaipeleka mahali ambapo haikukusudiwa.

Na si hilo tu. Tulipoketi pamoja asubuhi iliyofuata aliniambia jambo ambalo sikulijua. Ritifaa ina sura zaidi ya moja ndani ya kompyuta. Ipo iliyosimama wima, ambayo ndiyo ya mashine za zamani za kuchapia, na ipo iliyopinda, ambayo simu na programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa jicho la msomaji ni moja. Kwa kompyuta ni alama mbili zenye namba mbili tofauti. Kwa hiyo hata ukiiruhusu ritifaa ikae ndani ya neno, ng'ombe atakuwa na mistari miwili katika daftari lako, na mstari wa tatu kwa wale wanaoandika "ngombe" kwa haraka. Nikawaza juu ya mfugaji aliyeandika kuwa ng'ombe wake wanakufa. Mashine ikitafuta neno hilo na isilione, uzembe wetu wa tahajia umemzibia mdomo.

Tuje kwenye swali la pili la wasaili, la "nimelipwa" na wenzake. Wengi wetu tunaamini kuwa neno ni kile kilicho kati ya nafasi mbili. Lakini nafasi ziliwekwa na watu, kwa makubaliano. Watazameni ndugu zetu wa kusini mwa Afrika. Mzulu akishukuru huandika "ngiyabonga", neno moja. Msotho wa Kaskazini huandika "ke a leboga", maneno matatu. Lugha zote mbili ni za Kibantu, na kitenzi kimejengwa kwa namna inayofanana: kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati, kisha shina. Tofauti ni kwamba waliozipangia tahajia huku waliamua kuviunganisha viambishi na kule wakaamua kuvitenga. Mashine ikihesabu nafasi itasema Msotho amesema mengi mara tatu kuliko Mzulu. Ndivyo nilivyofanya mimi kwa yule mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Watunzi wa kamusi zetu walikwisha kulijibu swali hili zamani. Ukitaka maana ya "sijalipwa" huitafuti kwenye S; unakwenda kwenye L, kwa sababu unajua kuwa chini ya si- na -ja- na -w- kuna -lip-. Kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa kukichambua kitenzi hivyo: kiambishi cha nafsi, cha njeo, mzizi, kiambishi cha kauli, irabu tamati. Mpwa wangu alipata alama zote za swali hilo katika mtihani wake. Nilipomkumbusha alinitazama kwa mshangao akasema, "Mjomba, lakini ile ilikuwa Kiswahili." Alikuwa nayo zana mfukoni akiwa mbele ya wasaili, wala hakujua kuwa ni zana. Lawama hiyo ni yangu. Nilimfundisha kukichambua kitenzi ili afaulu. Sikumwambia kuwa ni njia ya kujibu swali la kweli ambalo mtu mzima anaweza kuulizwa kazini.

Hata hivyo zana peke yake haitoshi, inataka mkono unaoijua lugha. Mpwa wangu alipochangamka aliandika papo hapo kanuni ya kuviondoa viambishi: neno likianza na "wali-" au "ana-", ondoa, kitakachobaki ni shina. "Walilipa" ikawa "lipa", akafurahi. Nikamwandikia "walimu". Programu ikaondoa "wali-", ikabaki na "mu". Nikamwandikia "anasa", ikabaki "sa". Hakuna mtoto wa miaka sita mwenye Kiswahili chake atakayedhani kuwa "walimu" ni kitenzi. Tunajua bila kufikiri, na kwa sababu tunajua bila kufikiri tumedhani hakuna haja ya kueleza.

Siku ya tatu nilimpa usaili wangu mwenyewe. Nilimwambia aandike programu ya kupima mizani ya mshororo, mizani nane ukwapi na nane utao, kama shairi la kawaida linavyotaka. Alicheka. Alisema hilo ni jepesi kuliko la Dar es Salaam: silabi ya Kiswahili huishia na irabu, basi ahesabu irabu, kila irabu mizani moja. Kwa sehemu kubwa yuko sahihi, na hapa lugha yetu ni ya kujivunia. Mwingereza hawezi kufanya hivyo. Maandishi yake hayafuati sauti zake, na programu ya kuhesabu silabi za Kiingereza bila orodha ya matamshi hukosea kila mara. Kwetu hata irabu zinapofuatana kila moja inapewa haki yake: ka-a, sa-a, ki-o-o.

Nikamwandikia "mtu". Irabu moja, na sikio linasikia mbili: m-tu. Akaongeza kanuni: herufi m ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa w ihesabiwe mizani moja. "Mtu", "mlango", "mkate" zikakaa sawa. Ndipo nikamtungia mshororo huu:

Mbuni kamwona mbuni, yuko chini ya mbuni.

Wa kwanza ni mtu, yule anayebuni. Wa pili ni ndege mkubwa asiyeruka. Wa tatu ni mti unaozaa buni, yaani mkahawa. Usomeni kwa sauti. M-bu-ni ka-mwo-na mbu-ni: nane. Yu-ko chi-ni ya m-bu-ni: nane. Programu yake ya kwanza, inayohesabu irabu tu, ilisema saba kwa saba. Ya pili, yenye kanuni ya m, ilisema tisa kwa nane. Alikaa na mshororo ule mpaka adhana ya magharibi. Kisha akasema neno lililonifurahisha kuliko yote aliyosema wiki ile: "Mjomba, herufi ni zile zile. Hakuna kitu ndani ya herufi kitakachoniambia."

Hakika hakuna. Kinachotofautisha ni ngeli. Katika ngeli ya watu na ile ya miti, m- ni kiambishi kamili, masalia ya mu-, nacho kinasimama peke yake kama silabi. Katika ngeli ya yule ndege, m ni king'ong'o kilichoegemea b, na vyote viwili hutamkwa kwa mkupuo mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo "mtu mbaya" ni mizani tano, m-tu m-ba-ya, na "nyumba mbaya" ni nne, nyu-mba mba-ya, ingawa kivumishi kimeandikwa kwa herufi zile zile. Kisha wapo mbwa na nchi, ambao ni wa ngeli hiyo ya pili lakini m na n zao husimama peke yake, m-bwa, n-chi, kwa kuwa mashina yao ni mafupi mno na neno la Kiswahili linahitaji mahali pa kuweka mkazo. Mshairi mzuri anayapima haya yote katika nukta moja ya pumzi. Mkimwuliza amejuaje, atawaambia, "Nasikia tu."

Najua wapo watakaonijibu kuwa hilo ndilo jibu linalotosha. Sikio ndilo hakimu wa ushairi, watasema, na mashine zina nini cha kutuambia juu ya mizani? Nakubali kuwa sikio ni hakimu. Lakini hakimu mwema huandika hukumu yake na sababu zake, ili mwingine ajifunze, na ili yeye mwenyewe asigeuke kesho. Je, "maktaba" ni mizani tatu au nne? Wapo wanaotamka mak-ta-ba wakahesabu tatu, na wapo wanaompa k haki yake peke yake wakahesabu nne. Nimeshuhudia watu wazima wakinuniana kwa ajili ya "daftari". Ugomvi huo tumeurithi, na tutawarithisha wajukuu wetu, kwa sababu kila upande unasema "nasikia tu".

Wenzetu waliotutangulia hawakuridhika na hivyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alifanya kazi ambayo mpwa wangu angeitambua mara moja: aliyachukua mambo waliyoyajua watunzi kwa sikio akayapanga kwa utaratibu, ili mtu ambaye hakukulia barazani pamoja nao aweze kuyafuata. Nyuma zaidi, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi wa Basra, katika karne ya 8, aliipangia elimu ya arudhi misingi yake kwa kuzigawa herufi za beti za Kiarabu katika hali mbili tu, yenye kutembea na iliyotulia. Mpwa wangu aliposikia "hali mbili tu" aliinua kichwa, maana kompyuta nayo haina zaidi ya hizo. Na mwaka 1913 mwanahisabati wa Urusi, Andrey Markov, alizihesabu kwa mkono herufi 20,000 za Eugene Onegin, hadithi ya kishairi ya Pushkin, akitenga irabu na konsonanti, apate kujua herufi moja inavyoathiri ile inayoifuata. Hesabu hiyo ni mmoja wa mizizi ya programu za leo zinazobashiri neno lijalo. Kuhesabu herufi hakukuvamia ushairi kutoka nje. Mara kwa mara kumezaliwa ndani yake.

Wapo pia watakaosema kuwa kazi hii tuwaachie vijana wa kompyuta. Tumekwisha kuwaachia, na matokeo yake ni "ng" na "ombe". Kijana wa kompyuta anaweza kuandika chochote tutakachomwambia kwa uwazi. Hawezi kuandika tusichomwambia, na akikosa kutoka kwetu atachukua kilichotayarishwa kwa ajili ya Kiingereza, maana ndicho kilicho karibu. Si kosa lake. Mwenye njaa hachagui sahani.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu wenzangu mlio bado darasani: mkifundisha viambishi na mzizi, mpeni mwanafunzi ukurasa wa gazeti na daftari, mwambieni ahesabu ni mara ngapi limetokea neno moja, kisha mwulizeni amehesabu nini. Atagombana na jirani yake, na katika ugomvi huo atajifunza sarufi kuliko katika juma zima la kunakili ubaoni. Na mkipima urefu wa insha, fikirini tena kabla hamjakata alama.

Kwa washairi: tuziandike kanuni zetu za mizani mpaka mwisho wake, pamoja na vighairi. Tusiseme tu kuwa mshororo una mizani kumi na sita. Tuseme m inahesabiwa lini na lini haihesabiwi, na n vivyo hivyo, na konsonanti zilizofungana katika maneno ya mkopo tunazifanyaje. Tukihitilafiana, tuziandike kanuni mbili, kila moja na watu wake. Hitilafu iliyoandikwa ni elimu. Nami nimeanza orodha yangu ya maneno yenye m na n zinazotatiza. Imefika maneno 83, na nitafurahi kupokea ya wengine.

Kwa vijana mnaokwenda kwenye usaili: swali likija la kuhesabu maneno, msikimbilie kuandika. Ulizeni kwanza, "Ni matini ya lugha gani, na kwenu neno ni nini?" Hamtaonekana wazito. Mtakuwa mmekwisha kuanza kujibu.

Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu sijui alipo sasa. Kama anaisoma makala hii atajitambua, na namwambia kuwa alama zake tano namrudishia, nikijua hazimfai tena kitu. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Mpwa wangu alirudi Dar es Salaam na daftari lenye mbuni watatu, na programu yake sasa inamtambua ng'ombe mzima, mwenye ritifaa iliyonyooka na mwenye iliyopinda. "Walimu" bado inamsumbua, hunipigia simu usiku kuniuliza. Wiki ijayo ana usaili mwingine. Dada yangu ameniomba nimwombee asiulizwe tena swali lile. Nimemwitikia kwa heshima, lakini dua yangu ni nyingine: aulizwe lile lile.